Madaftari kwa Mashua: Mwongozo kwa Askari Anayepeleka Vifaa vya Shule Vijijini Lamu

Afande, nakuandikia wewe uliyepangiwa Lamu kwa miezi kadhaa na umekwisha kuwaona watoto wale. Doria ikipita asubuhi wanasimama kando ya njia, mmoja ana kipande cha penseli kifupi kama kidole gumba, mwingine anaandika mchangani kwa kijiti. Jioni kambini mmoja wenu husema, "Jamani, tuchange tuwanunulie madaftari." Hakuna anayekataa. Baada ya wiki tatu mko shuleni na makatoni, watoto wanaimba, picha zinapigwa, mnaondoka na nyoyo nyeupe.

Mimi nilikuwa pembeni ya picha hiyo, yule mwalimu aliyeshika ufunguo wa stoo. Nimefundisha visiwani na bara ya Lamu Mashariki mpaka nikastaafu, na misaada ya namna hii nimeipokea mara nyingi: ya wanajeshi wetu, ya wageni, ya raia wema. Mara moja tuliletewa madaftari ya kurasa 200 kwa watoto wa PP1, yaani chekechea, ambao hata kushika penseli ndiyo kwanza wanajifunza. Mara nyingine ikaja mikoba mipya kabisa, rangi ya kombati. Wazazi waliipokea kwa shukrani na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja nayo shuleni. Nitaeleza kwa nini. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo mnao. Kinachokosekana mara nyingi ni kuuliza kabla ya kununua, na kujua pa kusimama siku ya kutoa.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Hapa sitakawia, kwa sababu unapajua kuliko mimi. Kamanda wako akubali kwa maandishi, na kama kikosi kina afisa wa uhusiano na raia, kazi iwe mikononi mwake. Kisha barua mbili, moja kwa naibu kamishna wa kaunti wa eneo hilo, nyingine kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na nakala kwa chifu. Usimpigie chifu simu ukiwa tayari njiani. Chifu aliyerukwa hukumbuka miaka.

Barua iseme shule, aina ya vifaa na pesa zimetoka wapi. Siku ya safari msiiandike. Mwalimu mkuu aambiwe kwa mdomo, jana yake au juzi yake, kwa sababu njia inayojulikana wiki mbili mapema ni njia inayoweza kutegwa bomu, na atakayekuwa juu yake siku hiyo huenda akawa mwendeshaji bodaboda aliyebeba mgonjwa.

Hatua ya pili: jua unakwenda Lamu ipi

Kaunti hii ina maeneobunge mawili na wadi kumi, na mtu aliyefika kwa ndege huweza kudhani yote ni pahali pamoja. Kwa kazi yako, Lamu ni tatu.

Iko Lamu ya visiwa: Amu yenyewe, Manda, Pate na vijiji vyake vya Faza, Siyu, Kizingitini, Mbwajumwali, Tchundwa, na visiwa vidogo vya Ndau na Kiwayuu. Huku shule zina watoto wengi na walimu wapo. Shida yao ni ya kawaida, ya vifaa kuisha katikati ya muhula.

Iko Lamu ya ukanda wa Wabajuni bara, kuanzia Mkokoni hadi Kiunga na Ishakani, karibu na mpaka wa Somalia. Baba wengi ni wavuvi. Unapofika pale na madaftari, kumbuka kwamba wavuvi hao walikaa miaka wakiwa wamekatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na katika fikira zao aliyekataza alivaa sare kama yako. Hawatakwambia siku hiyo, kwa kuwa wewe ni mgeni na mgeni hukaribishwa, lakini jambo hilo liko chini ya mkeka.

Na iko Lamu ya msitu wa Boni. Basuba, Milimani, Mangai, Kiangwe, Mararani: hivi ni vijiji vya Waaweer, ambao wengi tumezoea kuwaita Waboni. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, ambalo al-Shabaab walisema ni lao, na operesheni ya kijeshi ya Linda Boni iliyoanza Septemba 2015, walimu waliondoka, milango ya shule ikafungwa, watoto wengine wakahamishiwa bweni Mokowe na wengine wakabaki nyumbani tu. Zilipofunguliwa tena, zilifunguliwa kwa madarasa ya chini. Kwa hiyo usishangae ukimkuta kijana wa miaka kumi na tatu ameketi Gredi ya 2. Usimcheke, na usimletee kitabu cha kupaka rangi sungura. Januari 2020, tarehe 5, kambi ya Manda Bay ilishambuliwa. Mwezi huo huo walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti jirani ya Garissa. Mwalimu wa kutoka nje ya Pwani akiambiwa aende Mangai, anayakumbuka hayo yote kabla hajafunga begi lake.

Nimeyasema haya mapema ili ujue kwamba katoni ile ile ya madaftari haina maana moja Faza na Mangai. Faza ni msaada. Mangai huenda ikawa ndiyo ishara pekee mwaka mzima kwamba shule ipo.

Hatua ya tatu: nenda kwa mwalimu mkuu mikono mitupu

Safari ya kwanza usibebe kitu. Nenda wewe na mwenzako mmoja, kwa saa moja tu, na daftari lako la kuandikia.

Sajini mmoja aliwahi kunijia hivyo. Akaniuliza, "Mwalimu, una watoto wangapi?"

Nikamwuliza, "Kwenye rejesta, au darasani?"

Akacheka, akidhani namtania. Nikamchukua tukapita darasa kwa darasa, akahesabu mwenyewe. Kisha nikampeleka kwa ustadhi wa chuo, yaani madrasa, kwa sababu watoto wasioandikishwa shuleni huwa wameandikishwa chuoni, na orodha kamili ya wana wa kijiji unaipata kwa maalim kuliko kwangu. Tuliporudi ofisini alikuwa na hesabu tatu zisizolingana. Zote zilikuwa za kweli.

Muulize mwalimu mkuu haya, uandike majibu yake jinsi anavyoyasema:

- Kila gredi ina wangapi, wasichana mbali na wavulana mbali, na wangapi wamekuja wiki hii.
- Kila gredi inatumia daftari la aina gani na mangapi kwa mtoto.
- Muhula huu serikali imeleta nini, na nini hakijafika.
- Stoo ina kufuli, na paa lake linavuja au halivuji.
- Shule jirani ni ipi, nayo ina watoto wangapi.

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika na ndilo lenye madhara. Watoto wa vijiji viwili hukutana kisimani na ufuoni. Kimoja kikipata na kingine kisipate, ugomvi hautakuwa na wewe uliye kambini, utakuwa baina ya mama kwa mama. Kama pesa hazitoshi shule mbili, ni bora kila moja ipate nusu kuliko moja ijae na nyingine itazame.

Vitabu vya kiada usinunue. Tangu 2018 serikali huvipeleka moja kwa moja shuleni, vikiwa vimeidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, na kitabu ulichokiona dukani huenda ni cha mtaala uliokwisha. Ukitaka kuleta kitu cha kusoma, leta vitabu vya hadithi za Kiswahili. Katika shule nyingi huku mtoto hajui kwamba kuna kitabu kinachosomwa bila mtihani kufuata.

Jambo jingine ambalo mgeni halioni: mahitaji ya mwalimu. Wanaokuja na zawadi humtazama mtoto, na ni haki yao, mtoto ndiye anayependeza machoni. Lakini katoni moja ya chaki huandikia shule nzima, na mkebe mmoja wa rangi ya ubao hufanya watoto wa nyuma waone. Ongeza karatasi za manila, dasta, na kufuli zuri la stoo. Nimefundisha miaka kwenye ubao uliochujuka hadi ukawa rangi ya majivu. Watoto wa mstari wa tatu walikuwa wakinakili kwa kusikiliza.

Halafu kuna wasichana wa gredi za juu. Tangu 2023 sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, iko ndani ya viwanja vya shule za msingi, kwa hiyo shule uliyoizoea kuwa ya watoto wadogo sasa ina mabinti wakubwa. Sodo ni kifaa cha shule kama kalamu. Zifungwe katoni mbali, akabidhiwe mwalimu wa kike ofisini, bila kutajwa uwanjani. Kama shule haina mwalimu wa kike, muulize mwalimu mkuu ni mama gani wa kijiji mabinti wanamwendea.

Hatua ya nne: hesabu na ununuzi

Chukua mfano. Shule ina watoto 120 wa Gredi ya 4 hadi ya 6, na mwalimu amesema kila mmoja atumie madaftari 8. Hayo ni madaftari 960. Ongeza moja ya kumi kwa watakaoandikishwa baadaye, unafika 1,056. Daftari la kurasa 96 la saizi ndogo lina karatasi 48, na uzito wake unakaribia gramu 100. Weka moja kwenye mizani ya dukani uhakikishe. Hapo una zaidi ya kilo 100 za karatasi kabla hujaongeza kalamu. Hesabu hii ifanyike kabla ya kukodi chombo. Usiifanye gatini.

Gredi ya 1 hadi ya 3 wapewe madaftari ya mistari mipana, na la miraba kwa Hisabati. Kwao ni penseli, kifutio na kichongeo. Usidharau kichongeo: asipokuwa nacho, mtoto huchonga kwa wembe, na makovu ya vidole utayaona mwenyewe ukiwashika mikono. Kuanzia Gredi ya 4 ni kalamu za wino, mbili mbili, kwa kuwa moja hupotea. Mkebe wa jiometri ni wa gredi za juu tu. Mdogo atauvunja kwa siku moja na bikari itageuka silaha ya kuchomana.

Nunua Amu au Mpeketoni ukiweza. Bei itakuwa juu kidogo kuliko Mombasa, sikatai. Lakini mwenye duka wa hapa atakubadilishia katoni iliyoloa, atakukopesha turubai, na pesa zitazunguka hapa hapa. Pia huna haja ya kuvisafirisha kutoka Mombasa hadi Mokowe, ndipo uvipakie tena majini. Wenye kupiga hesabu ya bei ya daftari peke yake huisahau nauli ya daftari hilo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo usipange kumpa kila mtoto kifurushi chake ndani ya mfuko wa nailoni. Bahasha za khaki zinafaa, na zikifunguliwa zinakuwa majalada ya madaftari. Watoto wetu ni hodari wa hilo.

Sasa ile mikoba ya kombati. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa mavazi ya kijeshi, hilo ni moja, na hata kama mkoba si vazi, hakuna mzazi anayetaka kulijua hilo kizuizini. La pili ni zito zaidi. Mtoto anayetembea njia ya msituni na rangi za jeshi mgongoni anakuwa mtoto wa jeshi machoni mwa yeyote anayemtazama. Mzee mmoja alinivuta kando siku ile mikoba ilipokuja. Alisema, "Mwalimu, mwanangu nimemfundisha asiwe na upande. Mkoba huu unamchagulia." Nilikosa jibu. Kwa hiyo mkoba uwe wa bluu, kijani cha kawaida, wowote, na usiwe na nembo ya kikosi wala bendera ya nchi yoyote. Wala usigonge muhuri juu ya madaftari. Jina la aliyetoa liandikwe kwenye kitabu cha stoo, na humo litakaa salama.

Hatua ya tano: njia

Kwa bara ya Boni sina la kukufundisha kuhusu njia. Wahandisi wenu wanajua barabara ya Hindi kuelekea Basuba na Kiunga kuliko dereva yeyote, na wanajua kwa nini. Nitasema moja tu, kwamba masika yakishaingia udongo ule mweusi hunata, na lori lililokwama na madaftari ni lori lililokwama. Muhula wa kwanza, Januari hadi Machi, ndio wakati wa njia kavu.

Kwa majini nina mengi.

Angalia mwezi angani kabla ya kuangalia kalenda. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yetu hupwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo shule iko katikati ya masomo. Utafika mbele ya kijiji na chombo kitakaa juu ya matope, na makatoni mtayabeba kwa kichwa mkizama hadi magotini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa katikati ya asubuhi. Hayajai sana, ila yanatosha mashua kusogea. Panga safari yako humo. Kwenye mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, mwache nahodha aamue saa. Akikwambia tungoje, ngojeni, hata kama kamanda anapiga simu.

Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje kuelekea Kiwayuu na Kiunga haina huruma. Boti ya jeshi itapita, lakini karatasi italowa. Funga kila katoni kwa turubai, kisha weka juu ya mbao, isiguse sakafu ya chombo, kwani maji ya chini ya boti ndiyo yanayoharibu kuliko mawimbi. Daftari lililoonja maji ya chumvi halikauki sawasawa. Kurasa hujikunja na wino husambaa. Nimewahi kukausha madaftari ya shule nzima juani, nikiyageuza kama samaki wa kuanika, na bado Gredi ya 5 waliandika muhula mzima kwenye karatasi za mawimbi.

Pate, wengi hushukia gati la Mtangawanda. Kutoka hapo kuna bodaboda na magari, na mwisho wa safari kuna punda. Mlipeni mwenye punda. Msimwambie ni kwa ajili ya watoto. Yeye pia ana watoto, na mmoja yuko kwenye rejesta.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Isiwe Ijumaa. Isiwe alasiri, watoto wako chuoni. Ikiwa ni Ramadhani, usibebe biskuti wala soda, hata kwa wadogo wasiofunga. Wiki ya kwanza au ya pili ya muhula ndiyo bora. Wiki ya mwisho vifaa vitalala stoo likizo nzima pamoja na panya.

Gari lisiingie uwanjani. Waliobeba silaha ndefu wabaki nje ya uzio, kwa umbali ambao wanaona shule na shule haiwatazami. Watakaoingia wawe wachache, watatu au wanne, na kama kamanda anaruhusu na hali inaruhusu, waingie bila bunduki. Sikuombi hili kwa adabu tu. Mei 2015 lilitolewa Oslo Azimio la Shule Salama, na Kenya imo miongoni mwa nchi zilizoliunga mkono. Kiini chake ni kwamba shule isitumiwe kijeshi, kwa sababu shule inayofanana na kambi huwa shabaha kama kambi. Ninyi mtaondoka kabla ya adhuhuri. Jengo litabaki, na watu wadogo ndani yake.

Salimia kwanza. Mzee, shikamoo yake. Kina mama, salamu za heshima kwa mdomo, mkono usinyooshwe mpaka wao waunyooshe. Ukikaribishwa chai, kunywa. Kisha kabidhi makatoni yote kwa mwalimu mkuu mbele ya Bodi ya Usimamizi na mzee wa kijiji. Yahesabiwe hapo, na kila upande utie sahihi nakala mbili.

Baada ya hapo kazi ya kutoa si yako tena. Mwalimu wa darasa ndiye atakayemwita mtoto kwa jina na kumpa daftari mkononi. Najua hii ndiyo sehemu chungu, maana umechanga mshahara wako na ulitaka kuiona ile sura inapong'aa. Utaiona, umesimama pembeni. Lakini mtoto ajifunze kwamba daftari linatoka kwa mwalimu, kwa kuwa wiki ijayo wewe hutakuwepo na mwalimu atakuwepo, na akizoea kungoja vitu kutoka kwa mwenye sare atakimbilia kila sare anayoiona barabarani. Si kila mwenye sare msituni ni wenu. Hilo nalo unalijua.

Usirushe peremende kutoka garini. Nimeona mara moja, na nimeona pia mtoto akivutwa shati asiingie chini ya gurudumu. Inatosha.

Hotuba iwe fupi, dakika tatu. Hapa maafisa wengi hukosea wakiwa na nia njema kabisa: anamaliza kuwaambia watoto wasome kwa bidii, kisha anawageukia wazazi, "Nasi tunaomba ushirikiano, mkiona mtu mgeni mtuambie." Pale pale uwanja mzima unakuwa baridi. Daftari limegeuka malipo. Maneno ya usalama yana mahali pake, baraza la chifu, siku nyingine, na watu wazima peke yao.

Na kubwa kuliko yote: usimwulize mtoto lolote kuhusu kijiji. Nani amekuja, nani halali nyumbani, baba anakwenda wapi. Hata kwa mzaha. Hata kama yeye ndiye aliyeanza kusimulia. Mtoto hajui lipi ni siri, na atakayeulizwa usiku kwamba ulisema nini na askari ni yeye na mama yake. Wanajeshi wa Marekani wa kambi ya Manda Bay walijenga madarasa na kuchimba visima katika kaunti hii tangu miaka ya 2000, na watu walichota maji huku wakiulizana, hawa wanataka nini kwetu? Maji yalikuwa matamu, na maswali yakabaki. Ukitaka maswali hayo yasikufuate, zawadi yako na kazi yako ya kukusanya habari zisikutane chini ya mti mmoja.

Picha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, na sura ni habari. Kwa Boni na ukanda wa mpaka mimi nasema msipige sura kabisa. Piga mikono ikishika kalamu, piga makatoni, piga mgongo wa mwalimu akiandika ubaoni. Wakubwa wako wakitaka ushahidi, ile karatasi yenye sahihi mbili ni ushahidi bora kuliko picha. Na anayepiga asiweke mtandaoni kabla hamjarudi kambini, wala asitaje jina la shule.

Hatua ya saba: baada ya kuondoka

Msigawe vyote siku moja. Kubalianeni na mwalimu mkuu kwamba nusu ya madaftari itoke siku hiyo na nusu ibaki stoo, itolewe mtoto anapoleta lililojaa. Kwetu tulifanya hivyo baada ya kuona madaftari mapya yakifungia kashata sokoni. Sikuwalaumu wazazi, nyumba ikikosa unga, karatasi ni bidhaa.

Kitabu cha stoo kiwe na safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, sahihi ya aliyepokea. Huna haja ya kukikagua wewe. Bodi itakikagua, na ofisi ya elimu ikipita itakiomba.

Kabla ya muhula kwisha, mpigie mwalimu mkuu umwulize maswali mawili: nini kimeisha, na nini hakikuguswa. La pili lina faida kuliko la kwanza. Sajini wangu yule aligundua hivyo kwamba rula za chuma alizozichagua kwa fahari hazikutumika. Zilikuwa zikipata joto kali juani kwenye madawati ya nje, watoto wakazirudisha stoo wenyewe.

Kisha, kwa kuwa ninyi huja na kuondoka, andika ukurasa mmoja kwa anayekuja baada yako. Jina la shule, nambari ya mwalimu mkuu, idadi ya watoto kwa gredi na tarehe uliyohesabu, aina za madaftari, jina la nahodha mnayemwamini, siku za maji mafu, na shule jirani inayongoja zamu yake. Nilipokuwa bado kazini kikosi kilibadilika mara nne, na mara tatu afisa mpya alinijia na swali lile lile, "Mwalimu, una watoto wangapi?" Wa nne alikuja na karatasi mkononi. Alisalimia, akaketi kwenye dawati bovu karibu na mlango, akasema, "Mwalimu, hapa naona Gredi ya 3 walikuwa hawana madaftari ya miraba. Wameyapata?"

Walikuwa bado.